Umetumwa kwa Mangi: kisa cha chumba kimoja cha sanaa Mafiati, Mbeya

Mgeni anafika kwenye fremu mbili za duka zilizopakana, maeneo ya Mafiati jijini Mbeya. Mlangoni anaulizwa jina analoitwa nyumbani. Anapewa kikapu na noti ya elfu kumi iliyochorwa kwa mkono, halafu spika iliyo juu ya mlango inamtuma. Ni sauti ya mama mtu mzima, na inasema mara moja tu: "Kimbia kwa Mangi. Chumvi pakiti moja, kiberiti, sabuni nusu mche, dagaa wa buku, vocha ya buku. Chenji irudi yote. Na usichelewe, maji yako jikoni."

Ndani hakuna cha kutisha. Kuna rafu ndefu yenye bidhaa, dirisha la muuzaji lenye nondo, saa ya ukutani, redio ndogo, na meza ya kioo yenye mchanga. Ukitembea kawaida, hatua saba au nane zinakutoa mwanzo wa chumba hadi mwisho wake. Nimewaona humo watu wazima, mmoja mhasibu, mwingine mwalimu wa hesabu, wakitoka na kiberiti peke yake. Chenji hawakumbuki hata waliiacha wapi.

Chumba hicho alikitengeneza binti mwenye ADHD, hali ya ubongo inayogusa umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia, ili watu waionje kwa ndani japo kwa robo saa. Mara mbili kilishindwa kazi. Kilipofanikiwa mara ya tatu, akatokea mgeni mmoja aliyekishinda, na huyo ndiye aliyekigeuza kuwa kazi ya maana. Nakieleza kwa urefu kwa sababu naona wenzangu wengi katika sanaa wakitaka kutengeneza vitu vya "kuelimisha jamii" kuhusu afya ya akili, na karibu wote wanaanzia pale pale alipoanzia yeye.

Msanii

Ameomba jina lake lisitajwe, basi nitamwita msanii. Ana miaka ishirini na kitu. Riziki yake ni kuchora mabango ya saluni na migahawa. Programu za kompyuta alijifundisha mwenyewe usiku, katika vile vipindi ambavyo jambo likimnasa anasahau kula. Mimi nafundisha sanaa. Nilimsaidia kubeba meza, nikaishia kuwa bawabu wa mlangoni na mwandishi wa majina.

ADHD aligundulika nayo ukubwani. Daktari wa magonjwa ya akili hakutegemea mazungumzo ya siku hiyo peke yake. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili unaoitwa DSM-5, wa mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinamwathiri mtu katika maisha yake. Kwa aliyefikisha miaka 17, lazima zifike angalau tano kati ya tisa za kukosa umakini, au tano kati ya tisa za kutotulia na papara. Bahati nzuri mama yake alikuwa ametunza ripoti za shule ya msingi kwenye sanduku la bati. Muhula baada ya muhula, walimu tofauti walikuwa wameandika jambo moja: anaweza, ila mawazo hayako darasani. Hakuwa mtundu. Mtoto wa kike anayekaa kimya akiutazama mlima Loleza dirishani hamsumbui mtu, na mtoto asiyesumbua hapelekwi popote.

Alikuwa ameshajieleza sana nyumbani. Alieleza habari za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamasa, akaeleza kwamba anajua kabisa anachotakiwa kufanya na bado mwili hauanzi. Walimsikiliza kwa upole. Kesho yake swali likarudi: sasa kinachokushinda ni nini hasa? Maelezo yoyote ya ADHD yana shida hii, kwamba yakitoka mdomoni mwa mwenye nayo yanasikika kama visingizio. Ndipo akaamua aache kueleza, atengeneze chumba.

Redio kumi na mbili

Toleo la kwanza lilikuwa na redio kumi na mbili, taa za disko na televisheni mbili zinazoonyesha vitu tofauti. Wazo lake lilikuwa kwamba kichwani mwake kuna vurugu, basi mgeni apewe vurugu. Vijana wa bajaji walilipenda sana. Walicheza, wakapigana picha. Mmoja akatoka akasema, "Dada, hii si stendi ya Nane Nane tu?" Alisema kweli. Mtu anayepita Mwanjelwa siku ya Jumamosi hashtushwi na redio kumi na mbili.

Ila tatizo halikuwa uzoefu wa wageni tu. Vurugu ile haikuwa hata picha sahihi ya hali yenyewe. Msanii huyu mabango yake anayachora redio ikiwa juu, na anayeizima kwa kumhurumia ndiye anayemharibia siku. Hayuko peke yake. Mwaka 2007 Göran Söderlund na wenzake walichapisha utafiti ambamo watoto wenye ADHD walikumbuka vizuri zaidi kelele ya mfululizo ilipokuwepo, wakati watoto wasio nayo kelele hiyo hiyo iliwapunguzia. Mwaka huo huo Edmund Sonuga-Barke na Francisco Xavier Castellanos wakatoa hoja kwamba mtandao wa ubongo unaofanya kazi mtu anapopumzika, ule wa kuwaza hili na lile, kwa mwenye ADHD huenda haunyamazi inavyopaswa kazi inapoanza, bali unaivamia katikati. Hoja hiyo ikishika, basi anayekatiza kazi anaweza kutokea ndani kabisa, hata ukimfungia mtu kwenye chumba kisicho na mlio wowote. Redio kumi na mbili haziwezi kuonyesha hilo.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mgeni wa toleo la kwanza hakuwa na kazi ya kufanya. Hakutumwa. Asiyetumwa hana cha kusahau, hana cha kuchelewesha na hana wa kumgombeza. Alikuwa mtazamaji aliyekaa katikati ya taa, na mtazamaji hata ukimpigia kengele sikioni anabaki kuwa mtazamaji.

Toleo la pili nitalipita haraka. Alitengeneza hadithi ya kusoma kwenye kompyuta kwa programu ya Twine, iliyobuniwa na Chris Klimas mwaka 2009, ambamo msomaji anachagua njia kwa kubonyeza. Ujanja wake ulikuwa kwamba chaguo la "anza kazi sasa" lilionekana wazi kabisa kwenye kioo lakini halikubonyezeka. Ni ujanja mzuri, na kwa msomaji aliye peke yake na simu yake naamini ungefanya kazi. Kwa wageni wa Mafiati, waliosoma wakiwa wamesimama foleni, matokeo yakawa yale yale: walifika mwisho, wakamwangalia, wakasema, "Pole sana, dada." Hakuna neno analolichukia kama hilo.

Jina, mchanga na saa

Toleo la tatu lilitokana na kutumwa. Karibu kila mtu aliyekulia kwetu amewahi kutumwa dukani, na kwa mtoto kutumwa ndio mtihani wa kwanza wa akili unaofanywa hadharani. Anayerudi na vitu kamili anasifiwa mbele ya wageni. Anayesimama kuangalia watu wanacheza bao, akarudi na chumvi bila kiberiti, anajulikana mtaa mzima. Msanii alikuwa huyo wa pili.

Ndani ya chumba aliweka mitego mitatu, na kila mmoja una sababu yake.

Wa kwanza ni jina. Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry alichunguza jinsi watu wanavyofuata sauti moja katikati ya nyingi. Mwaka 1959 Neville Moray akaonyesha kwamba theluthi moja hivi ya watu waliotakiwa kusikiliza sikio moja tu walilisikia jina lao likitajwa kwenye sikio jingine, lile walilotakiwa kulipuuza. Hapa Mafiati, jina nililopewa mlangoni nalitamka kwenye kinasa sauti, na programu inalipachika katikati ya mazungumzo ya kawaida ya redio kuhusu bei ya mbolea. Juu ya rafu kuna kihisi cha umbali, kile cha bei ndogo kinachotuma mlio usiosikika na kupima unavyorudi, kuanzia sentimita 2 hadi mita 4. Mgeni akisogea kuchukua kitu cha tatu, redio inamtaja. Mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, wala haisemi kitu kingine. Wengi waligeuka. Waliporudi kwenye rafu, mkono ulikuwa hewani na kitu cha tatu hawakijui tena. (Rekodi za majina tulizifuta kila jioni. Mtu akikupa jina la nyumbani hajakupa liwe mali yako.)

Wa pili ni mchanga. Ni meza ya kioo yenye taa kwa chini, na juu yake mchanga laini kutoka ufukwe wa Matema, Ziwa Nyasa. Ukipitisha kidole, mwanga unatokea pale ulipopita. Hakuna programu, hakuna waya zaidi ya ule wa taa, na ndicho kitu kilichowanasa watu kuliko vyote. Walichora samaki, walichora majina ya wapenzi wao, walifuta na kuchora tena. Msanii aliupigania sana mchanga huu wakati mimi nilidhani unapunguza uzito wa kazi. Alitaka mgeni aone kwamba umakini haukuisha. Upo, tena mwingi, ila umekwenda ulikovutwa na siyo ulikotumwa. Pasipo mchanga, chumba kingemwonyesha mtu mwenye upungufu tu. Mchanga ukiwepo, kinamwonyesha mtu aliyefurahi kwa dakika tatu, na furaha ile ile ndiyo itakayomponza.

Wa tatu ni saa, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndicho kipande cha ufundi kilichonipendeza zaidi. Saa ya ukutani ya betri ina kipande cha kwazi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Sakiti ndogo inaigawa namba hiyo kwa mbili mara kumi na tano, ikabaki moja: pigo moja la umeme kila sekunde kwenye koili, na koili inasukuma mshale. Fundi saa mmoja wa Mwanjelwa aliifungua, akaikata sakiti ile, akalehemu nyaya mbili moja kwa moja kwenye koili na kuzipeleka kwenye bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa. Kuanzia hapo saa ikawa inafuata amri ya programu. Kazi iliwasumbua kidogo mwanzoni, kwa sababu kila pigo lazima ligeuze mwelekeo wa umeme wa pigo lililotangulia, la sivyo mshale unatetemeka pale pale bila kwenda. Walipolipatia hilo, mgeni akiwa mchangani saa inakwenda kasi mara tano. Dakika tatu za kuchora samaki zinakula robo saa ukutani. Akiwa dirishani kwa muuzaji, ambako sauti inamwambia "subiri kidogo, namalizia mteja", saa inajikokota karibu isimame. Sonuga-Barke, yule yule niliyemtaja, ameandika tangu miaka ya 1990 juu ya uzito ambao kusubiri kunao kwa watoto wenye ADHD, kiasi cha kuchagua kitu kidogo cha sasa hivi kuliko kikubwa cha baadaye. Wageni wengi hawakusubiri. Waliondoka dirishani bila chenji, wakijiambia watarudi.

Ukitoka na vitu pungufu, spika ya mlangoni inafunguka tena. Sauti hizi alizirekodi kwa shangazi zake, majirani, na mwalimu mmoja mstaafu. "Akili umeiacha wapi?" "Mdogo wako angekuwa amesharudi mara mbili." "Kichwa maji wewe." Ya mwalimu ni fupi kuliko zote: "Simama juu ya dawati." Na kila sauti inaanza kwa jina lako, lile la nyumbani.

Kicheko kilikatikia hapo. Mhasibu niliyemtaja alianza kujitetea kwa spika. Alisema saa ni mbovu, na alisema kweli, lakini alikuwa mtu mzima anayebishana na sanduku la mbao juu ya mlango. Nilipomuuliza baadaye alikuwa anamjibu nani, alisema alikuwa anamjibu baba yake mdogo.

Mama

Mama wa msanii anauza mchele na maharage Soko la Sido. Alikuja jioni moja amejifunga khanga mbili, akasalimiwa na kila mtu, akapewa kikapu. Agizo lilipoanza kusomwa alishika pindo la khanga, na kwa kila kitu kilichotajwa akapiga fundo. Mafundo matano, na la sita kwa chenji. Akaingia. Redio ilipotaja jina analoitwa sokoni, aliitikia "abee" bila kugeuka, kidole kikiwa juu ya fundo la tatu. Mchanga aliutazama, akasema, "Mzuri," akapita. Dirishani alipoambiwa asubiri, alihesabu mafundo upya kwa sauti. Alitoka na vitu vyote na chenji kamili. Spika haikuwa na cha kumwambia, kwa kuwa hakuna aliyeandaa maneno ya mtu anayefaulu.

"Sasa shida iko wapi, mwanangu?"

Lilikuwa swali lile lile la nyumbani, na safari hii lina ushahidi. Msanii aliingia fremu ya pili akafunga mlango.

Kisa hiki chaweza kusomwa namna mbili kutokea hapo, na mwanzoni mimi na yeye tulisoma tofauti. Yeye aliona chumba kimefeli: kama mtu mwenye utaratibu wake anapita bila jasho, basi kilichomo ndani ni mchezo wa kumbukumbu wala si ADHD. Ana hoja, na watafiti wanampa nguvu. Mwaka 2017 Michelle Nario-Redmond na wenzake, Marekani, walichapisha majaribio ambamo wanafunzi waliigizishwa ulemavu: ugumu wa kusoma, wa kusikia, wa kutembea. Walitoka wakijisikia wanyonge na kuchanganyikiwa zaidi, huku mtazamo wao wa kukaa na watu wenye ulemavu haukuwa bora. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2011, kuhusu mazoezi ya kuwasikilizisha watu sauti kama zile anazosikia mgonjwa wa skizofrenia, yalikuta huruma inaongezeka, na pamoja nayo hamu ya kukaa mbali na mgonjwa. Mgeni anaonjeshwa shida kwa dakika chache bila mbinu ambazo mwenye nayo amejijengea kwa miaka, kisha anaondoka akidhani maisha ya mwenzake ni zile dakika chache zikizidishwa. "Pole sana, dada" inatoka hapo hapo.

Mimi nilikuwa naangalia khanga. Nilimuuliza mama amejifunza wapi. Alishangaa kuulizwa. Alisema kichwa chake hakijawahi kushika kitu tangu akiwa binti huko Rungwe, na angekiachia kichwa biashara, biashara ingekufa zamani. Madeni ya wateja anayachora kwa mkaa kwenye ubao. Magunia anayahesabu kwa kutupia punje za mahindi kwenye kopo. Asubuhi haendi sokoni mpaka jirani yake apite wafuatane, kwa sababu peke yake "nazunguka tu nyumbani mpaka jua linatoka".

Msanii alipoyasikia haya aliruka mbali: mama naye anayo! Kwa kitaalamu si wazo la ajabu, maana tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi katika ADHD karibu asilimia 74. Lakini fundo la khanga si kipimo cha hospitali. Akina mama wengi wa sokoni wanafunga mafundo, na mwongozo unadai dalili ziwe zimeharibu kitu katika maisha ya mtu. Mama mwenyewe alilimaliza suala kwa namna yake: "Miaka yote hii nimefika, leo unipe jina?" Nadhani aachwe. Kwa kazi ya sanaa, jina lake halikuhitajika. Kilichohitajika ni kuona kwamba mtu aliingia ndani ya chumba kile kile, na saa ile ile ya uongo, akakibadilisha kwa kitambaa.

Mzunguko wa pili

Baada ya siku ile fremu ya pili, iliyokuwa stoo ya nyaya, ikapata benchi, chupa ya chai na meza. Mgeni aliyegombezwa na spika anakaribishwa anywe chai, anaelezwa kwa ufupi mitego iko wapi, kisha anaambiwa achague kitu kimoja mezani na arudi kwa orodha nyingine. Mezani kuna kipande cha khanga, chaki na ubao mdogo, saa ya jikoni yenye kengele, na kadi iliyoandikwa "mtu wa kufuatana naye". Chumba hakilegezwi hata kidogo. Jina litaitwa, mchanga uko pale, saa inadanganya vile vile.

Wanaume wengi waliuliza kama simu inaruhusiwa. Iliruhusiwa, na wapo walioandika orodha kwenye simu kisha wakajikuta mchangani wakipiga picha ya walichochora. Kadi ya mtu wa kufuatana naye ndiyo iliyosaidia kuliko zote, ingawa mfuataji alikatazwa kusema neno: alitembea tu pembeni. Sielewi vizuri kwa nini kutembea kwake kunatosha, ila msanii anasema hata mabango magumu huyamaliza mdogo wake akiwa amekaa karibu anamenya viazi.

Na kuna karani wa benki aliyefunga mafundo matano vizuri kabisa, akaingia, akasimama katikati ya chumba akiyatazama asikumbuke lipi ni nini. Sisi tulicheka. Msanii alimkumbatia. Alisema huyo ndiye mgeni wa kwanza aliyemwelewa, kwa sababu kila msaada nao unadai umakini: daftari unalisahau ulikoliweka, kengele inalia wakati uko mchangani unaizima bila kuisikia. Nilitaka khanga ibadilishwe iwe na rangi za kuongoza. Alikataa, akaiacha kama ilivyo.

Kwa macho yangu, mzunguko huu wa pili ndio uliokifanya chumba kiwe sanaa shirikishi kwa maana tuliyoizoea Tanzania kabla ya vihisi na bodi za Arduino. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walipopeleka maigizo vijijini katika miaka ya 1980, hadhira haikuishia kuangalia matatizo yake yakiigizwa. Ilijadili, ikashika hatamu. Mradi wa TUSEME, ulioanza mwaka 1996 kwa wasichana wa sekondari, ulifuata njia hiyo: wasichana wachunguze wenyewe kinachowakwamisha shuleni, wakiigize, wakitafutie jibu. Kihisi kinachojibu mwili wa mgeni ni kitu kizuri, lakini mgeni anayejibiwa na mashine bado hana uamuzi wowote mikononi. Uamuzi aliupata alipowekewa meza.

Mipaka ya kazi hii ipo na haifichiki. Mgeni ameishi humo kwa robo saa, na anajua atatoka. Hakuanza akiwa na miaka sita. Hajapoteza kazi kwa sababu ya kiberiti. Dawa hazimo pia. Watu waliuliza kama kuna vidonge, na wakati mwingine waliuliza kwa siri, kwa ajili ya mtoto. Methilfenidati, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944 na inatumika sana duniani, ila maombi ya kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na tena 2021. Msanii aliamua kutoweka kidonge mezani hata cha kuchora. Aliyeuliza alielekezwa kwa daktari, basi. Naona alifanya vyema, japo najua wapo waliotaka ajibu zaidi.

Ombi la shule

Habari zilipofika kwenye shule moja ya msingi, mwalimu mkuu alikuja na ombi ambalo kwa haraka linaonekana la heri: chumba kihamishiwe shuleni kwa wiki moja, watoto wapite mmoja mmoja, wanaorudi na vitu pungufu waandikwe. Alitaka kuwatambua mapema.

Msanii alikataa, na hapa sina mashaka kwamba yuko sahihi. Chumba kimetengenezwa ili kila mtu aanguke. Karani wa benki ameanguka, mwalimu wa hesabu ameanguka, na mama wa sokoni mwenye kichwa kisichoshika kitu amepita. Mtoto anaweza kurudi bila sabuni kwa kuwa hakunywa uji asubuhi, kwa kuwa sikio moja halisikii, kwa kuwa usiku hakulala, au kwa kuwa mchanga wa Matema ni mzuri. Orodha ya majina ikishaandikwa shuleni haifutiki jioni kama rekodi zetu.

Badala yake alitoa pendekezo: aje na chumba, lakini waingie walimu, na asiwepo mwalimu wa kujadili watoto kabla hajafanya mizunguko yote miwili. Mwalimu mkuu alikubali, tena kwa furaha. Kilichowakwamisha ni ile sauti ya "simama juu ya dawati". Aliomba iondolewe kabla walimu wake hawajaingia, kwamba inawadhalilisha. Msanii alisema haiondoki, ila yuko tayari irekodiwe upya na mwalimu yeyote wa shule hiyo, kwa maneno anayoyatumia mwenyewe darasani. Kinasa sauti tumekiacha ofisini kwa mwalimu mkuu. Hadi naandika haya hajapatikana wa kujitolea.